Buluo: Walitaka kuuza lupango, picha ya mshipa mkubwa ikasema ngojeni

LIKASI – Mnunuzi alikuwa amekwisha kuja mara mbili. Alipima lupango kwa hatua za miguu, akahesabu miembe, akauliza karatasi ziko mikononi mwa nani. Lupango hiyo iko Buluo, mtaa ambao watu wa mbali wanaujua kwa sababu ya gereza lake, lakini kwa wakaaji wake ni mahali pa kulea watoto na kulima mihogo nyuma ya nyumba. Mwenye lupango alikuwa amelala hospitalini Lubumbashi, umbali wa kilomita 120 hivi, na serumu mkononi. Hakujua kwamba nyumba yake imekwisha kupewa bei.

Mtaani wanamwita Fundi. Jina lake lingine familia imeomba libaki nyumbani. Ana miaka 66. Alifanya kazi katika kiwanda cha Shituru hadi 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipotoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Neno hiari wazee wa Likasi bado wanalitamka kwa kucheka, na si kicheko cha furaha. Pesa aliyopewa ilinunua lupango na vyombo vya kutengenezea baiskeli na pikipiki. Lakini hakupoteza mshahara tu. Kampuni ilikuwa na hospitali zake, na mfanyakazi alitibiwa huko pamoja na mke na watoto. Tangu alipotoka, kila ugonjwa katika nyumba ya Fundi unaanza na swali moja: nani ana pesa?

Nyumba ndogo ya nyuma anakaa dada yake na watoto wanne. Walifika kutoka Mitwaba, katika miaka ile nchi iliyo kati ya Mitwaba, Manono na Pweto ilipoitwa pembetatu ya kifo. Dada huyo aliacha huko nyumba ya matofali, mbuzi saba, na pakiti ya dawa ya tansiyo juu ya kabati. Nyumba na mbuzi huwa anavitaja. Pakiti ya dawa hakuitaja kwa miaka mingi.

Asubuhi ya ugonjwa, mwuza makala mmoja alileta baiskeli iliyopasuka pine ya nyuma. Magunia yalikuwa bado juu yake. Fundi hakumwambia ayashushe. Aliinama, akashika chuma cha nyuma, akainua. Hapo alisikia maumivu kati ya mabega, kwa mgongo, ya ghafla, kama mtu anapasua kitenge kwa mikono miwili. Alikaa chini. Jasho lilimtoka kama mtu aliyetoka mtoni. Baada ya muda maumivu yakashuka, yakafika kiunoni, kisha tumboni.

Maneno hayo, ghafla na kupasuka na kushuka, yangetosha kumwamsha munganga yeyote aliyewahi kuona ugonjwa huu. Lakini ni wachache waliouona. Katika kituo cha kwanza walimpima malaria, wakamwekea serumu, wakasema ni tumbo. Walimpima tansiyo kwa mkono wa kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa na serumu. Ikatoka 14 kwa 8. Kwa mzee wa miaka 66 mwenye maumivu, hiyo haikumtisha mtu. Jirani mmoja akasema ni sumu. Mwingine akataja jina la mtu ambaye Fundi aligombana naye juu ya mpaka wa lupango. Usiku ule walikuja watu wa maombi, wakaimba hadi saa nane, na mgonjwa akawa anawaomba kwa adabu waimbe polepole.

Kesho yake mke wake, kwa kuchoka tu, alimpeleka hospitali nyingine ya mji. Huko muuguzi mmoja, mama wa makamo, alifanya kitu ambacho hakina gharama yoyote: alipima mkono wa kushoto, halafu akapima wa kulia. Kushoto ilitoka 15 kwa 9. Kulia ilitoka 21 kwa 12. Alirudia mara mbili, akadhani mashine imeharibika, akachukua nyingine. Namba zikawa zilezile. Akaenda kumwita munganga.

Mtu mzima akiwa na maumivu makali ya ghafla ya kifua au mgongo, na namba ya juu ya tansiyo ikitofautiana kwa zaidi ya 2 kati ya mkono mmoja na mwingine, inabidi kuufikiria mshipa mkubwa unaoitwa aorta. Tofauti hiyo haipo kwa kila mgonjwa wa aorta, na inaweza kuonekana kwa mtu mwenye shida nyingine. Lakini ikiwepo pamoja na maumivu ya aina ile, hakuna tena ruhusa ya kusema ni tumbo.

Aorta ndiyo mama wa mishipa yote inayobeba damu kutoka moyoni. Inatoka juu ya moyo, nene kama kidole gumba cha mwanaume mwenye mikono mikubwa, inapanda kidogo, inapinda kama mpini wa mwavuli, halafu inashuka nyuma ya moyo ikifuata uti wa mgongo. Njiani inatoa matawi kwa kichwa, mikono, uti, ini, utumbo, figo. Karibu na kitovu inagawanyika mara mbili, kila mguu na wake. Damu yote inayotoka upande wa kushoto wa moyo, lita tano hivi kila dakika kwa mtu aliyetulia, inapita humo.

Munganga wa Likasi hakusubiri. Alimpa dawa ya maumivu yenye nguvu na dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, akaandika barua, akawaambia wapande gari kwenda Lubumbashi siku hiyohiyo. Jambo lingine alilofanya, ambalo familia haikulielewa wakati ule, ni kukataza asipewe dawa za kuyeyusha damu. Maumivu ya aorta yanafanana na ya moyo ulioziba, na mtu mwenye moyo ulioziba hupewa dawa za kuzuia damu isigande. Ukimpa dawa hizo mtu ambaye aorta yake imepasuka ndani, unaweza kumsukuma kaburini kwa mkono wa huruma.

Lubumbashi walianza na ekografia ya moyo. Ilionyesha kwamba hakuna damu iliyomwagika kuzunguka moyo, na kwamba mwanzo wa aorta, pale inapotoka, uko sawa. Habari njema, lakini nusu. Ekografia ya kifuani inaona vizuri sehemu ya mwanzo. Sehemu inayoshuka nyuma inajificha kwa mapafu na mifupa. Picha ya kawaida ya kifua nayo inaweza kuonyesha kivuli kilichopanuka, lakini ikiwa safi haimaanishi mtu hana ugonjwa. Kinachoamua ni skana, ile mashine ya duara, pamoja na dawa inayodungwa kwenye mshipa ili damu ionekane nyeupe kwenye picha. Kwanza wanapima figo, kwa sababu dawa hiyo inapita huko.

Bei ya skana ilizidi mapato ya Fundi ya miezi mitatu.

Hapo ndipo habari ya lupango ilipoanza. Baraza la familia lilikaa Buluo bila mgonjwa. Mkwe, kijana mwenye maneno mengi na nia nzuri, alisema kwamba kila mtu anajua magonjwa haya yanatibiwa India, kwamba tajiri mmoja wa Lubumbashi alipelekwa na akarudi, na kwamba kupoteza pesa kwa skana ya hapa ni kupoteza mara mbili, kwani India wataipiga tena. Kwa hiyo wauze lupango, watafute pasipoti, waende. Watoto wawili wa Fundi waliunga mkono. Mnunuzi alipatikana upesi. Siku hizi Likasi wanunuzi wa lupango wanapatikana upesi kuliko madawa.

Dada yake alikuwa amekaa karibu na mlango, kama wageni wanavyokaa, ingawa amekaa pale miaka mingi. Akasema: «Yaya hajapigwa picha. Mnauza juu ya nini? Ugonjwa unaitwa nani?»

Mkwe akamjibu kwa heshima kwamba wakati wa maswali hakuna.

«Mimi niliacha nyumba kwa sababu ya risasi,» akasema. «Risasi nilizisikia kwa masikio yangu. Ninyi mnaacha nyumba kwa sababu ya kitu ambacho hakuna mtu amekiona. Tafuteni pesa ya picha kwanza.»

Pesa ilipatikana kwa namna ambayo wasomaji wa hapa wanaijua. Likelemba ya mama wa soko ilimpa mke wa Fundi zamu ambayo haikuwa yake. Wazee watatu waliotoka naye Gécamines walitoa kidogo kidogo. Mwuza makala, mwenye ile baiskeli, alileta gunia moja liuzwe. Alikuwa anadhani kosa ni lake. Siku ya tatu skana ikapigwa.

Munganga wa moyo aliyesoma picha alijua mgonjwa wake ni fundi, akamweleza kwa njia ya kazi yake. Mke alikuwepo, na amekuwa akirudia mazungumzo hayo kwa kila anayekuja kusalimia.

«Baba, umekwisha kuona pine ya gari inayovimba upande mmoja, kama jipu?»

«Mara nyingi.»

«Ngozi imechoka mahali pale. Siku moja inapasuka. Aorta nayo inaweza kuvimba hivyo, na mtu hasikii kitu. Wewe huna hiyo. Sasa, umekwisha kuona pine ambayo ngozi ya ndani imechanika, upepo ukaingia kati ya tabaka, ukaanza kuzitenganisha?»

«Nimeiona. Inatembea. Leo iko hapa, kesho imezunguka.»

«Hiyo ndiyo yako.»

Ukuta wa aorta una tabaka tatu. Tansiyo ya juu, ikikaa miaka bila kutibiwa, inachosha ukuta huo. Siku ya siku, tabaka la ndani linachanika, damu inapenya, inatengeneza njia ya pili ndani ya ukuta, na njia hiyo inaendelea kushuka kwa kila pigo la moyo. Ndiyo maana maumivu yalitembea.

Swali linalofuata ndilo lililobeba nyumba ya Fundi. Mchaniko umeanzia wapi? Waganga wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliligawa jambo hili mara mbili mnamo 1970, na mgawanyo wao unatumika hadi leo. Kama sehemu inayopanda, ile iliyo karibu na moyo, imeguswa, wanaiita aina A. Kama haikuguswa, na ugonjwa uko katika sehemu inayoshuka, ni aina B. Hiyo si mchezo wa herufi. Aina A isipopasuliwa, kati ya wagonjwa mia, mmoja au wawili wanakufa kila saa katika siku mbili za kwanza. Damu inaweza kumwagika kuzunguka moyo na kuukaba, au mlango wa moyo ukashindwa kufunga. Dawa peke yake haitoshi. Inatakiwa kufungua kifua, kuweka mtu kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, na kubadilisha kipande cha mshipa. Lakini aina B, ikiwa matawi ya figo, utumbo na miguu bado yanapata damu na ukuta haukupasuka nje, matibabu yake ya kwanza ni dawa. Wagonjwa wengi wa namna hiyo wanatoka hospitalini wakiwa hai.

Mchaniko wa Fundi ulianzia baada tu ya tawi la mkono wa kushoto, na uvimbe wake ulibana kidogo tawi hilo, ndiyo sababu mkono ule ulidanganya. Ukashuka hadi tumboni. Figo zote mbili zilikuwa zinakunywa. Miguu ilikuwa na mapigo. Aina B, bila hatari ya haraka.

India haikuhitajika. Zilihitajika dawa za kupunguza nguvu na kasi ya moyo, kwanza kwa sindano, halafu kwa vidonge, hadi namba ya juu ikae kati ya 10 na 12 na mapigo yawe chini ya 60 kwa dakika. Muuguzi alikuwa anaandika namba hizo kila saa, na Fundi alilazwa siku kumi na mbili. Kama mguu ungekuwa baridi, au figo zikaacha kufanya kazi, au maumivu yakarudi, mambo yangebadilika. Siku hizi kuna bomba la kitambaa lenye nyavu za chuma, linaloingizwa kupitia mshipa wa paja na kufunguliwa ndani ya aorta bila kupasua kifua. Daktari Juan Parodi aliliweka la kwanza la tumboni kule Buenos Aires mwaka 1990, na kabla yake, mwaka 1987, Nikolai Volodos alikuwa amefanya kazi kama hiyo kule Kharkiv. Lakini linahitaji mashine na mikono iliyozoea.

Mkwe hakufurahi mara moja. Alidhani munganga ametazama nguo zao, akaona ni masikini, akawapa vidonge. Wengi wangedhani hivyo, na mara nyingine ni kweli. Munganga alimwonyesha picha kwenye ekrani, akamwekea kidole mahali mchaniko ulipoanzia, akamwambia kwamba hata huko alikotaka kwenda, kwa mgonjwa wa picha ile, wangeanza na dawa zilezile.

Na kama ingekuwa aina A? Hapo ukweli ni mchungu. Kutoka Likasi, upasuaji huo uko mbali. Kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, iliyoanzishwa 2015, ambako vifua vinafunguliwa na mioyo inapasuliwa; madereva wa malori wa Katanga wanaijua njia ya kwenda bandari ile kuliko wanavyojua njia ya Kinshasa. Kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda, Kampala. Lakini ugonjwa unaohesabu masaa haungoji pasipoti. Kwa aina A, kinachookoa ni kutambua mapema na kupata ndege, na ndege haziko Buluo. Kwa ugonjwa mwingine wa aorta, ule wa kuvimba polepole, safari inaweza kupangwa: uvimbe wa tumboni ukifika sentimita 5.5 kwa mwanaume, waganga wanaanza kuzungumza juu ya upasuaji. Ukiwa mdogo, unapimwa tu kwa ekografia mara kwa mara.

Wakaaji wa Likasi wana sababu yao ya kukumbuka uvimbe huo. Albert Einstein, mwaka 1939, alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt iliyotaja kwamba chimbuko kubwa la uranium liko Kongo ya Wabelgiji. Maana yake Shinkolobwe, si mbali na hapa. Miaka tisa baadaye, mnamo 1948, daktari Rudolf Nissen alimfungua tumbo Einstein, akakuta aorta imevimba. Wakati ule hakukuwa na mshipa wa kubadilisha, kwa hiyo aliufunga kwa selofani, karatasi ile laini ya kufungia peremende, ili mwili utengeneze kovu la kuushika. Ukamshikilia hadi Aprili 1955, ukapasuka. Walimwomba wampasue tena, akakataa, akafa akiwa na miaka 76. Wakati huo huo, kule Houston, daktari Michael DeBakey alikuwa anashona mishipa ya kitambaa cha Dacron kwa cherehani ya nyumbani. Dacron ni poliesta, ndugu wa ile tergal ya suruali za wazee. Mishipa ya kitambaa hicho bado inawekwa katika watu leo. Na DeBakey mwenyewe, mwisho wa 2005, akiwa na miaka 97, alipatwa na mchaniko wa aorta. Kwanza alidhani ni moyo, na kwanza alikataa kisu. Walimpasua Februari 2006, kwa njia ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuivumbua, akaishi hadi Julai 2008. Kama bingwa wa ugonjwa alianza kwa kudhani ni kitu kingine, kituo cha mtaani kinaweza kusamehewa. Kupima mkono mmoja tu ni habari nyingine.

Fundi alirudi Buluo akiwa mwembamba, na mfuko wa vidonge vya aina tatu. Miezi miwili alivinywa vizuri. Mwezi wa tatu ada ya shule ilifika, naye, kwa vile hakuwa anaumwa popote, akaacha vidonge siku nne bila kumwambia mtu. Tansiyo ilipanda hadi 19. Maumivu hayakurudi, kwa bahati. Munganga alimgombeza kwa simu mbele ya mke, akamweleza kwamba vile vidonge vya kupunguza mapigo vikikatwa ghafla moyo unaruka kama mbwa aliyefunguliwa mnyororo. Tangu siku hiyo mfuko wa dawa uko kwa mke, na ufunguo wa kabati uko shingoni mwake.

Maisha yamebadilika kwa mambo madogo. Hainui tena. Baiskeli zinafika bila magunia, au hazipokelewi; kijana wa dada yake ndiye anayeinua, Fundi anaonyesha kwa kidole na kugombana. Samaki ya chumvi ameipunguza, jambo ambalo anasema ni gumu kuliko kuacha tumbaku, na tumbaku ameiacha. Bukari anakula kama zamani. Alipopata homa ya tumbo, mke aliizuia pakiti ya siprofloksasini ambayo muuza dawa wa barabarani alikuwa amekwisha kuihesabu: Desemba 2018, shirika la dawa la Marekani lilionya kwamba antibiotiki za jamii hiyo zisipewe watu wenye ugonjwa wa aorta, isipokuwa hakuna dawa nyingine. Akapewa nyingine.

Picha ya skana hawakuiacha hospitalini. Waliomba diski na karatasi ya majibu, wakaomba pia waandikiwe majina ya vidonge na vipimo vyake. Ni dada yake aliyesisitiza. Vyote viko katika mfuko wa plastiki wenye kufunga, pamoja na vyeti vya kuzaliwa, karibu na mlango, mahali ambapo mtu anayekimbia usiku anaweza kushika bila kuwasha taa. Mkwe alicheka alipouona. Watu waliokimbia Mitwaba hawakucheka. Mgonjwa wa aorta atapigwa picha tena baada ya mwezi wa kwanza, wa sita, na mwaka, kisha kila mwaka, na picha mpya bila ya zamani kulinganishia haimwambii munganga kama njia ya pili imepanuka au imetulia. Picha ya mwezi wa sita ilikuwa imetulia.

Munganga alisema pia kwamba ndugu wa tumbo moja wapimwe. Si kwa sababu ya uchawi wa ukoo. Tansiyo inatembea katika familia, na kuna familia ambazo ukuta wa aorta wenyewe ni dhaifu tangu kuzaliwa, hasa zile zenye watu warefu sana, wembamba, wenye vidole virefu na macho yenye shida. Katika ukoo wa Fundi hakuna warefu. Tansiyo iko.

Wazee wa Gécamines walichanga tena, safari hii kwa mashine ya kupima, ya kupampu kwa mkono, isiyotaka umeme wala betri. Inakaa nyumbani kwa Fundi. Yule mama muuguzi anapita Jumapili baada ya misa, na familia za Mitwaba na Manono zinazokaa mitaa ya karibu zimeanza kuja. Wengine wanaogopa namba, wanasema heri kutojua. Dada yake Fundi alikuwa mmoja wao kwa wiki tatu; alikuwa anapanga viti, anachota maji ya wageni, anarudi nyuma ya nyumba.

Jumapili ya nne muuguzi alimwita mbele ya wote: «Mama, wewe utapanga viti hadi lini?»

Alikaa. Mkono wa kulia ulitoka 18 kwa 11. Hakusema kitu. Alishusha mkono wa gauni, akapandisha wa pili, akanyosha mkono wa kushoto.